Maandishi Chini ya Uso wa Breki

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu nyeupe za pamba, nikadhani ni za kuzuia baridi. Chumba cha kukatia filamu kilikuwa chini kabisa ya jengo la televisheni huko Nairobi, hakikuwa na dirisha hata moja, na mimi nilikuwa msichana wa Bondeni, Nakuru, mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Mhariri Mkuu wa Filamu, mzee mfupi aliyezoea kuongea huku ameuma penseli, alinitazama nikizivaa akaniuliza kama naenda kupanda mlima. Kisha akanieleza kwamba glavu zile zilikuwa za kulinda filamu, wala si mikono yangu. Jasho la kidole likishagusa picha, alisema, doa lake halitoki.

Nyinyi mnaohariri kwa kompyuta, na siku hizi hata kwa simu, hamtanielewa nisipoeleza kidogo. Filamu ya habari wakati ule ilikuwa ya milimita kumi na sita, na ilikuwa ya aina isiyo na negativu. Ukanda uliopita ndani ya kamera uwanjani ndio huo huo uliosafishwa kwa dawa, ndio huo huo niliokata kwa wembe na kuunga kwa gundi, na ndio huo huo uliokwenda hewani. Nakala haikuwepo. Kipande ulichokitoa ulikitundika kwenye msumari juu ya kapu la kitambaa, na kesho yake asubuhi mfagizi alikuja kulimwaga kapu. Kwa hiyo mkato ulikuwa mkato. Mhariri Mkuu alitufundisha kutazama kila picha mara tatu kabla ya kuigusa, na aliyekata baada ya kutazama mara moja alipigwa penseli kwenye kidole, hata kama mkato wenyewe ulikuwa mzuri.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini timu ya mji wetu ilipochukua kombe la nchi nzima. Nitaiita Wana Stesheni, ambalo si jina lake, kama ambavyo katika maelezo haya sitataja jina kamili la mtu yeyote. Sababu mtaiona. Ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli na vibarua wa maghala ya nafaka, na mazoezi yao walifanyia kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya karakana ya treni. Hakuna mtu nje ya Nakuru aliyewadhania lolote. Wakaingia fainali na timu kubwa ya Nairobi, mbele ya waziri na bendi ya polisi, wakashinda bao moja kwa bila.

Kochi wao alikuwa Sikh, fundi mkuu pale karakana, mtu wa kilemba cha buluu na mafuta ya grisi kwenye kucha. Alikuwa na sheria moja ambayo mji mzima uliijua. Kabla yake timu ilikuwa imevunjika mara mbili kwa ugomvi wa nani kapangwa na nani kaachwa benchi, na kila aliyeachwa alisema ameachwa kwa sababu ya kabila lake. Kochi akakata shauri. "Jina ya baba wacha geti, pamoja na kiatu ya kazi," alimwambia kila mchezaji mpya. "Hapa ndani hakuna mtoto ya fulani. Iko mpira tu." Kisha alimpa jina. Mshambuliaji aliitwa Posta kwa sababu mpira aliotuma ulifika. Beki wa kushoto alikuwa mtumishi wa reli aliyekaa behewa la mwisho la treni ya mizigo akishughulika na breki, basi akaitwa Breki. Majina hayo yalitoka uwanjani yakaingia sokoni na kanisani, hata wake zao wakayatumia. Mimi niliyezaliwa Bondeni, nikijua nani ni jirani wa nani, sikujua Breki alitoka wapi, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza.

Dakika za mwisho za fainali ile mshambuliaji wa Nairobi alimpita kipa wetu akapiga mpira kwenye goli tupu. Breki alitoka mbali, akajirusha, akauondoa mpira mstarini kwa paji la uso, kisha akaenda kugonga mwamba wa goli. Alibaki chini. Akainuka damu ikimtoka kwenye nyusi, akarudi mahali pake. Mpiga picha wetu aliipata yote, na jioni ile mimi niliiona juu ya meza ya kuhariria kama nilivyofundishwa, mara tatu. Nilijua kwamba bila paji lile la uso bao la Posta lingekuwa la bure.

Habari yenyewe ilipewa dakika moja na nusu. Mhariri wa Habari alisimama nyuma yangu akiangalia saa. "Waziri kwanza," alisema. "Waziri akikabidhi kombe, waziri akiongea, bao, halafu waziri akiondoka." Nikamwambia kuna picha ya beki. Akaniuliza huyo beki ni waziri wa nini. Nilicheka, na mpaka leo kicheko kile kinanikera. Nikamtundika Breki kwenye msumari, na asubuhi mfagizi akaja.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Nilikaa Nairobi miaka kumi. Nikapelekwa Mombasa, ambako Meneja wa Kituo alipenda sana machweo ya jua na kila makala yetu, hata ya bei ya korosho, ilibidi iishe na machweo. Huko ndiko tepu za video zilikotukuta, na wembe wangu nikauweka kwenye droo. Mwisho nikarudishwa nyumbani, ofisi ya Nakuru, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, nikiwa mhariri wa picha peke yangu. Nilizeeka hapo kwa raha. Nilihariri maonyesho ya kilimo, harambee, ndege wa ziwani, na wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Karagita wakidai nyongeza ya mshahara.

Mwaka 2007, ukiwa umebaki chini ya mwaka mmoja nistaafu, Mkuu wa Vipindi alikuja kutoka Nairobi kututembelea. Alikuwa mwanamume wa umri wa mwanangu, mpole, msikivu, aliyeniita Madam. Aliniuliza kama kuna kitu ningependa kufanya kabla sijaondoka. Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia nataka makala ya kutazama nyuma, ya dakika arobaini, juu ya Wana Stesheni na kombe lao. "Idea poa sana, Madam," alisema. "Na mwaka huu watu wanahitaji kitu cha kuwaleta pamoja." Ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Nikaagiza picha za zamani kutoka maktaba ya filamu. Zikaja sekunde tisini, zile zile, na alama za wembe wangu zikionekana kwenye maungio. Waziri alikuwepo, mzima kabisa. Hapo ndipo nilipoamua kwamba makala hii italipa deni. Kwa kuwa picha ya Breki haikuwepo tena duniani, nitamweka Breki mwenyewe mbele ya kamera, asimulie kwa kinywa chake, na nimpe muda wote niliomnyima.

Tulianza na Posta, aliyekuwa analima viazi na kabichi huko Bahati. Alikuwa amenenepa, mcheshi vile vile, na alitulazimisha kula kabla ya kurekodi. "Mimi nilifunga tu," alituambia. "Bao ni ya Breki. Nendeni mumuulize." Basi tukaenda Rongai.

Breki alikuwa amenunua kipande cha shamba huko alipostaafu reli, akajenga nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, akamzika mkewe nyuma yake. Aliishi na binti yake. Tulimkuta anaanika mahindi juu ya turubai. Alikuwa na kovu kwenye nyusi, na majirani waliopita njiani walimsalimia "Mzee Breki" kwa lugha ya pale, naye akawajibu kwa lugha hiyo hiyo bila kufikiri. Tulimketisha kwenye kiti mlangoni. Alisimulia ule mpira wa mstarini kwa dakika saba mfululizo, polepole, akionyesha kwa mikono mwamba ulikuwa wapi na yeye alikuwa wapi. Nimehariri marais na maaskofu. Sijapata kuona mtu akiitawala kamera namna ile.

Kazi ilikatizwa mara mbili na malori ya kampeni yaliyopita barabarani na vipaza sauti. Mpiga picha alilalamika, nami nikalalamika zaidi, kwa maana kelele ikiingia kwenye sauti ya msimuliaji haitoki. Hivyo ndivyo nilivyousikia uchaguzi wa mwaka ule, mimi mtu mzima mwenye akili zangu. Niliusikia kama kitu cha kuharibu sauti.

Tulipomaliza nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemkata kwenye habari miaka ile. Nilikuwa nimeogopa kumwambia. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mke wangu alikaa kwa TV ya ukumbi wa welfare wa reli mpaka ikazimwa, ananitafuta."

Nikampa fomu ya idhini, ile karatasi ambayo mtu husaini kukubali atangazwe. Akatoa kitambulisho kutoka kwenye leso, nikanakili majina yake matatu na mahali alipozaliwa. Palikuwa mbali na Rongai. Sikuwa nimelisikia jina lake hata siku moja.

"Mama," aliniambia, "hapo chini ya uso mtaandika nini?"

"Jina lako."

"Andika Breki."

"Kwa kitambulisho umeandikwa Breki?"

Akatabasamu. "Hapana. Lakini hapa mimi ni Breki tu. Wazee wanajua mambo yangu, hawa vijana hawajui, na hakuna shida. Andika hiyo."

"Mzee, wajukuu wako watataka kuona jina lao kwa televisheni."

Alikikunja kitambulisho ndani ya leso, pole pole, kona baada ya kona. "Saa hizi si wakati mzuri wa jina refu," alisema. "Lakini wewe ndio unajua kazi yako."

Niliyasikia maneno hayo yote. Yamo hata kwenye tepu, kwa sababu mpiga picha alikuwa hajazima kamera. Nilidhani ni unyenyekevu. Nilidhani ni yule beki ambaye maisha yake yote amezoea kuwapisha wengine, na nikaona raha moyoni kwamba safari hii nitamsukuma mbele hata kama hataki.

Sasa niwaeleze juu ya yale maandishi. Mtu anapoongea kwenye makala, jina lake hutokea chini ya skrini, na sisi tuliyaita maandishi ya chini. Kuna kanuni zake. Hukaa muda wa kutosha kusomwa mara mbili, basi, kisha huondoka, na mtu yule akirudi baadaye hakuna haja ya kumtambulisha tena. Kwa Posta nilifuata kanuni. Kwa Breki niliyaacha maandishi muda wa kusomwa mara tatu, na kila aliporudi kwenye skrini niliyarudisha. Mstari wa juu niliweka majina yote matatu. Mstari wa chini niliandika alikozaliwa, kisha "sasa anaishi Rongai". Nilichagua herufi kubwa. Nilikaa na kuyatazama kwa furaha.

Mkuu wa Vipindi alikuja kukagua. Alitazama mpaka mwisho, akafuta macho kwa kiganja, akanisifu. Kisha akasema, "Madam, hii ya majina matatu... hatuwezi weka tu nickname? Si watu wanawajua nayo?"

Ningependa kuwaambia kwamba bosi alinilazimisha. Wastaafu wengi wakisimulia makosa yao huwa kuna bosi mahali. Mimi nilimjibu kwamba hawa ni watu wazima walioushindia mji huu kombe, si watoto wa kuitwa majina ya utani, na kwamba historia huandikwa kwa majina kamili.

"Sawa," alisema. "Wewe ndio editor. Decision ni yako."

Makala ilitangazwa jioni moja ya Jumamosi, kabla ya habari, wiki mbili hivi kabla ya kura. Simu zilinijia kutoka pande zote. Watu walilia. Posta alinipigia akicheka na kuimba wimbo wa timu. Breki naye alipiga, akiwa kwenye hoteli moja ya pale Rongai ambako walikuwa wamekusanyika kutazama, na nyuma yake nilisikia vikombe na vijana wakishangilia.

"Nimeona, mama," alisema. "Umeandika yote."

"Umependa?"

"Asante, mama," alisema. Nikalala usingizi mzuri.

Yaliyotokea baada ya matokeo kutangazwa, watu kufukuzwa na majirani kwa sababu ya kabila lao, mnayajua, na mlio wadogo mmeambiwa. Mimi nilikaa ndani Bondeni na dada zangu, moshi ukionekana juu ya mabati upande huu na upande ule, ofisi ikiwa imefungwa. Wiki ya pili ya Januari Posta alinipigia. Hakuwa na mzaha. Alisema nyumba ya Breki imechomwa, na kwamba Breki na binti yake wako hai, wako uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru pamoja na maelfu wengine.

Nilikwenda asubuhi iliyofuata na blanketi mbili. Uwanja ule nilikuwa nimeuhariri miaka mingi, ng'ombe wa maziwa na matrekta na Mkuu wa Mkoa akikata utepe. Sasa mabanda ya mifugo yalikuwa na watu. Niliuliza Mzee Breki yuko wapi, nikaonyeshwa, maana hapo tayari watoto walikuwa wamelijua jina. Alikuwa ameketi juu ya debe, amevaa koti ambalo halikuwa lake. Alisimama kunisalimia kwa mikono miwili, kama mimi ndiye mgeni niliyetembelea kwake.

Nilikuwa nimejipangia maneno. Nilichoweza kusema ni, "Mzee, ni mimi?"

Hakujifanya hajaelewa. Alifikiri kwanza. "Hata bila televisheni labda wangekuja," alisema. "Wamechoma wengi ambao hawakuwa kwa televisheni."

"Niambie ukweli."

"Mama, wewe pumzika."

"Niambie."

Akaketi tena. "Walikuja mchana," alisema. "Wengine siwajui, wametoka mbali. Wengine nimecheza mpira na baba zao. Mimi nilikuwa naanika mahindi. Mmoja akaniita. Hakuniita Mzee Breki. Aliniita majina yangu yote matatu, moja baada ya nyingine, vile uliandika. Yule kijana siku ya makala alikuwa meza moja na mimi. Alininunulia soda." Alivuta uzi kwenye mkono wa koti. "Tangu niandikwe kazi ya reli hakuna mtu alikuwa ameniita hivyo. Mpaka nikaitika."

"Na wazee wenzako?"

"Wazee hawakutoka nje siku hiyo."

Nililia, naye akaniacha nilie, akamtuma binti yake aniletee maji ya kunawa uso. Sijui kama kuna aibu kubwa kuliko kuhudumiwa na mtu uliyemwangusha.

Posta alitaka kumchukua akaishi naye Bahati. Alikuja na pikipiki ya kukodi mpaka getini kumwambia haitawezekana. Kwa Posta yale maandishi ya chini yalikuwa yamefanya kazi niliyoikusudia. Majina yake matatu yalikuwa majina ya kule kule Bahati, majirani walimpongeza, mkutano wa kanisa ukampa zawadi ya jogoo. Herufi ni zile zile, ukubwa ule ule, kompyuta ile ile. Lakini wanawe walimwambia baba yao kwamba akimleta mtu yule watachomewa nyumba wote, na kwamba sasa kila mtu amejua Breki ni mtu wa wapi. Posta alilieleza hilo akiwa ameinamisha kichwa. Breki ndiye aliyemfariji.

Mwezi wa pili malori yalianza kupeleka watu waliokubali kwenda walikoitwa kwao. Karani alipita na karatasi akiuliza kila mmoja, kwenu ni wapi. Breki alisema Rongai. Karani akamwambia, mzee, nauliza kwenu. Akataja mahali alipozaliwa, mahali alikotoka akiwa kijana wa kutafuta kazi ya reli, ambapo wazazi wake walikuwa wamekufa zamani na hakuwa amerudi ila kwa mazishi. Mimi nilikuwa nimesimama pale karibu. Niliona karani akiandika, na nilitambua mpangilio wa maneno: ulikuwa ule ule wa maandishi yangu ya chini.

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisi huniomba niwape busara, na mimi busara sina nyingi. Nawaambia kwamba katika kazi yetu tunaogopa sana kumdhalilisha mtu, na tunajilinda na hilo, lakini hakuna aliyetufundisha kuogopa kumheshimu mtu vibaya. Mtu akikwambia aitwe vipi, huenda anajua jambo kuhusu mahali anapoishi ambalo wewe unayepita na kamera hulijui. Usimhariri. Nawaambia pia kwamba sikuadhibiwa. Hakuna aliyeniandikia barua wala kuniita ofisini. Makala yenyewe ilisifiwa na cheti nilipewa. Ningependa mtu angenipiga kwa penseli.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mwaka 2008, nchi ikiwa imetulia, Mkuu wa Vipindi alipiga simu akasema wanataka kuirudia makala, sasa kwa ajili ya amani. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo miezi yote. Kabla hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshafungua kazi kwenye kompyuta. Nilifuta majina matatu. Nilifuta alikozaliwa. Nikaandika neno moja, Breki, herufi za kawaida, muda wa kusomwa mara mbili. Nilipitia makala yote namna hiyo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nilihisi kifua kimelegea. Kisha nikampigia kwa simu ya binti yake, nimpe habari.

"Breki," nilisema.

"Ni nani?"

"Ni Rukia, Mzee. Mama wa televisheni."

"Ah, mama. Habari ya Nakuru?"

Nikamweleza. Nikamwambia nimefanya vile alivyoniomba mlangoni kwake siku ile, na kwamba hakuna atakayeliona tena lile jina refu. Nilisikia jogoo upande wake, na mtu akipasua kuni.

"Hapana, mama," alisema. "Rudisha ile ya kwanza."

Nilidhani sikumsikia. Akarudia.

"Huku hawajui mtu anaitwa Breki. Nikiwaambia wanacheka, wananiuliza breki ya gari gani. Lugha yao pia nimesahau, naongea kama mtoto. Shamba ya baba iligawanywa kitambo, nimepewa tu pembeni hapa kwa mtaro, na kuna wenye wanasema mimi si wa hapa, nimetoka huko Rift Valley na uongo. Sasa wakiona kwa televisheni hayo majina yote, na hapo chini wamesoma nimezaliwa hapa, pengine wataniamini." Akakohoa kidogo. "Na uyakalishe, mama. Yasiende haraka."

"Nitayakalisha."

"Asante."

"Na ile sehemu nyingine?" nilimuuliza. "Inasema sasa unaishi Rongai."

Yule mtu aliacha kupasua kuni.

"Hiyo ndio ufute," alisema.

Nikarudisha majina yote matatu, na alikozaliwa, kwa herufi kubwa, muda wa kusomwa mara tatu. Nikafuta Rongai. Nikangoja kompyuta ihifadhi kazi, kisha nikashuka ngazi kwenda kurudisha funguo za ofisi.